R22 inatoka, R407C inaingia: usiijaze kama ulivyozoea

Kwa chumba cha baridi cha mboga pale Usa River, au tangi la maziwa kule Hai, lililoundwa kwa gesi ya kupoozea ya R22, gesi mbadala ambayo presha zake hazitofautiani sana ni R407C. Ndani ya mtungi mmoja zimo gesi tatu: R32 asilimia 23, R125 asilimia 25 na R134a asilimia 52. R32 huchemka kwenye nyuzi -52, R134a kwenye -26, na karibu kila kosa la fundi linaanzia kwenye tofauti hiyo.

Ukijaza mtungi ukiwa umesimama unatoa mvuke, na mvuke huo umebeba zaidi R32 na R125. Presha hupanda, na kinachobaki mtungini kimezidi R134a. Mteja anayefuata atalia chumba hakipoi. Geuza mtungi kichwa chini juu ya mizani, ujaze kimiminika. Kompresa ikiwa imezimwa, ingiza upande wa presha kubwa. Kinachobaki kipitishe polepole upande wa kufyonza, valvu ya geji ukiwa umeibana, kigeuke mvuke njiani. Kimiminika kikifika kwenye kompresa huvunja valvu zake. Anza na asilimia 90 ya uzito wa gesi ulioandikwa kwenye kibao cha mashine.

Mafuta ya madini ya R22 hayachanganyiki na gesi hii. Hubaki kwenye evaporeta (koili inayopoza), kompresa ikakauka. Weka mafuta ya sintetiki ya POE, ubadilishe mara mbili au tatu hadi mafuta ya zamani yawe chini ya asilimia 5. POE hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo kopo lisikae wazi, hasa masika. Filta draya, kichujio kinachonyonya unyevu, nayo iwe mpya.

Tena, unapovuta vakyumu kabla ya kujaza, kumbuka Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Geji ya mshale hapa haitashuka kupita takriban inchi 25 za zebaki za vakyumu, hata pampu ikiwa nzima kabisa, na mafundi wengi huilaumu pampu bure. Tumia geji ya mikroni, ufike mikroni 500, kisha funga valvu ya pampu na usubiri. Ikipanda ikatulia, ni unyevu. Ikizidi kupanda, kuna tundu.

Joto la ziada (superheat) kwenye bomba la kufyonza lipime kwa safu ya mvuke ya jedwali la presha na joto, si ya kimiminika: safu hizo zinapishana nyuzi 5 hadi 7.

Mfumo ukivuja sana usiongezee. Kusanya gesi iliyobaki, ziba, vuta vakyumu, jaza upya kwa mizani.