Ng'ambo

Juzi binti yangu alikuwa anayavalisha majalada madaftari yake ya sekondari. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Baba, kwa nini hukunipeleka shule ya bondeni kama wenzangu?"

Nikarudi kimawazo kwenye lile juma la kuzunguka nikimtafutia shule ya msingi, ya bondeni au ya kilimani. Shule zote mbili ni za serikali, mtaala ni ule ule, na zote mtoto angefika kwa miguu. Majirani walinishangaa: unalinganisha nini?

Bondeni palinivutia upesi. Majengo mapya, kila darasa na mwalimu wake, matokeo yamebandikwa ukutani. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto 58. Nilifunua madaftari kadhaa: vema nyingi, masahihisho machache. Simlaumu mwalimu yule. Madaftari 58 kila jioni ni mzigo mzito kwa mtu mmoja.

Kilimani wastani wa matokeo ulikuwa chini, tena ulipanda na kushuka kila mwaka. Nusura nigeuze. Mwalimu mkuu ndiye aliyenifumbua macho: mwaka uliotangulia watahiniwa walikuwa 9 tu. Mmoja akifeli, ufaulu unashuka kwa asilimia 11 kwa mpigo. Shule ya watahiniwa 60, mmoja hapunguzi hata asilimia 2. Tangu siku hiyo siwezi kusoma matokeo ya shule bila kuuliza walikuwa wangapi.

Kisha akaniruhusu nikae nyuma ya darasa.

Chumba kimoja, madarasa mawili. Ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki: kulia hesabu za la pili, kushoto sentensi moja ya la kwanza. Mtoto mdogo alisimama kuisoma. "Mvuvi alivuka hadi..." Akakwama. Kisha akajaribu, "ngambo", kwa g nzito kama ya ngoma.

Hakuna aliyecheka. Wale wa la pili waliacha hesabu zao, wakanyamaza. Mwalimu hakumtamkia. Alisogea ubaoni, akafunika herufi za mwisho kwa kiganja, akabakisha ng na kile kialama juu yake. "Hiki kinakuambia nini?"

Mtoto alikitazama muda mrefu. Niliona midomo yake ikijaribu bila sauti. Nje kulikuwa na upepo, dirisha likigonga, na mwalimu bado amesimama na kiganja chake pale pale, kana kwamba siku nzima haina kazi nyingine. Mimi mwenyewe nilitamani kumnong'oneza.

"Kinaniambia nisiseme ga."

"Haya, soma."

"Ng'ambo. Ng'ambo ya mto!"

Kiganja kilipoondoka kilikuwa cheupe kwa chaki. Jioni ile nilimwambia mama yake kwamba nimeshaamua.

Mengine yalikwenda haraka. Walimu wawili walihamishwa, mmoja akakaa. Binti yangu alijifunza kusoma mapema, na alipofika la pili akawa anawasaidia wadogo zake wa upande wa kushoto wa ubao. Sasa ameanza sekondari na wenzake watatu tu, huku wale wa bondeni wameingia kundi zima, wanajuana tangu utotoni.

Nilimsimulia yote, hadi kile kiganja. Alisikiliza vizuri, akakata utepe wa gundi wa jalada la mwisho kwa meno.

"Na wa kucheza naye, Baba? Uliwahesabu?"

Sikuwahesabu. Nimemwambia hivyo.