Faili Lililojimeza

“Mdogo wangu, umeshaiwasha?” fundi mitambo aliniuliza kutoka nyuma ya mikisa yake, ile meza ya kuchanganyia sauti.

Nilikuwa nimeiwasha nusu dakika nzima. Kwenye skrini ya kompyuta mstari ulikuwa unatembea juu ya faili, na taa za kijani za chaneli zangu mbili kwenye mikisa zilikuwa zinapanda na kushuka kama kawaida. Jukwaani rafiki yangu, mcheza dansi, alisimama mkono mmoja juu, akisubiri muziki ambao mimi ningeapa kwamba unapigwa. Kumbe kutoka kwenye spika kubwa za ukumbi kulikuwa kunatoka kitu kama upepo unaopita mdomoni mwa chupa tupu. Basi.

Hiyo ilikuwa jioni ya mazoezi ya mwisho. Onyesho lilikuwa kesho yake.

Alichoniomba wiki mbili kabla kilisikika chepesi. Dakika nne, bila ngoma, bila mdundo, bila mtu kuimba. “Nataka sauti ambayo nikisimama ndani yake nahisi nimefunikwa,” alisema. Wapiga vinanda huiita sauti ya namna hiyo pedi: noti tatu au nne zinazopigwa pamoja, zinaingia taratibu, zinakaa, zinafifia, na hazidai kusikilizwa. (Neno hilo nililitaja mara moja tu mbele ya dada zangu. Sitarudia.) Mimi nilikuwa na kompyuta, kinanda kidogo cha kuchomeka, na tamaa.

Tamaa ndiyo iliyotengeneza pedi ya kwanza. Nilitumia Surge, sintesaiza ya bure, yaani programu ya kutengeneza sauti za vinanda, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma mwaka 2018. Ina osileta tatu, na osileta ndicho kiungo kinachozalisha wimbi lenyewe kabla ya lolote kufanyika. Nilizifungua zote, na kila moja nikaizidisha kwa nakala nane zilizopishana kidogo. Piga hesabu: mawimbi 24 kwa kila noti, na noti nne zikishikwa pamoja ni mawimbi 96. Noti mpya zikiingia kabla za zamani hazijafifia, ni 192. Kompyuta yangu ikaanza kutoa milio ya kukatika-katika, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

Nikafanya kama wafanyavyo wenye kompyuta dhaifu: nikaigeuza pedi nzima kuwa faili la kawaida la sauti ili mashine ipumzike. Kwa kuzidi kubana matumizi nikalitoa kwa chaneli moja badala ya mbili. Hapo upana wote ukaondoka, na kuurudisha nikakumbuka ujanja niliouokota sijui wapi. Chukua nakala ya sauti, ipindue, yaani kila wimbi la asili linapopanda la nakala lishuke. Asili iweke kushoto, nakala iweke kulia. Juu ya yote nikamwaga mwangwi mrefu. Nilipovaa hedifoni nilishtuka: sauti ilikuwa imetoka kichwani mwangu na kuenea hadi nje ya kuta. Nikamtumia usiku huohuo, naye kwa hedifoni zake akajibu kwa neno moja. “Nimefunikwa.”

Kwa muda wa wiki mbili nilijihesabu fundi.

Sasa, katika kumbi nyingi hakuna kushoto wala kulia. Anayekaa pembeni kabisa angesikia upande mmoja tu wa muziki, kwa hiyo fundi huunganisha pande zote mbili kuwa mono, yaani sauti moja, na kuipeleka sauti ileile kwenye kila spika. Ni uamuzi wa busara. Kwa faili langu maana yake ilikuwa kujumlisha moja na kutoa moja. Pedi ilijimeza yenyewe kabla haijafika kwenye spika, na mwangwi, ambao programu iliutawanya tofauti kila upande, ndio pekee ulionusurika kama upepo wa chupa.

Fundi alichukua hedifoni, akasikiliza chaneli zangu, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. “Wimbo wako mzuri,” akasema. “Ila haupo.”

Kurekebisha kosa lenyewe ilikuwa kazi ya dakika mbili. Niliipindua ile nakala irudi kama asili, nikabonyeza tena. Sauti ikatoka, tena kwa nguvu, na hapo ndipo nilipoona aibu hasa. Bila ule upana wa kiini macho, mawimbi yangu 24 yalikuwa uji mmoja mzito unaovuma palepale, hauvuti pumzi wala hausogei. Rafiki yangu alishusha mkono. “Hii siyo ile,” akasema, bila ukali. Aliposhuka jukwaani aliniuliza kama nitaweza kufanya chochote kabla ya kesho jioni. Nikamwambia ndiyo, kwa sauti ya mtu ambaye hajui.

Nilipofika nyumbani sikufungua ile ya zamani. Nilifungua ukurasa mtupu wa Surge, nikaweka sauti yote iwe mono tangu mwanzo, na nikazima mwangwi. Nilijiwekea sharti moja: chochote kisichopendeza hapa, kikiwa kikavu na chembamba, hakistahili kuongezwa kitu.

Kichwani nilikuwa na kinanda kimoja tu, Juno-60 ya Roland, ya mwaka 1982. Ina sauti sita, yaani inaweza kupiga noti sita kwa pamoja, na kila sauti imepewa osileta moja. Moja! Hadi leo watu wanaitaja kila mazungumzo yanapofika kwenye pedi nene na laini. Nilikuwa na jibu la kujitetea, kwamba mashine za zamani zilikuwa zinayumba, vipuri vikipata moto sauti inahama kidogo, na kuyumba huko ndiko kunakoleta joto. Kwa Prophet-5, kinanda kingine cha zamani cha mwaka 1978, chenye osileta mbili kwa kila sauti, jibu hilo lingeshika. Kwa Juno halishiki, kwa sababu osileta zake zinaongozwa na saa ya kidijitali na hazihami ovyo. Kazi yote pale inafanywa na filta, kichujio kinachopunguza sauti za juu, na korasi iliyojengwa ndani, inayochanganya sauti na nakala zake zilizocheleweshwa kidogo.

Kwa hiyo osileta moja, wimbi la jino la msumeno. Wimbi hili lina kila kitu ndani yake: ukipiga noti ya hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, unapata pia 440 kwa nusu ya nguvu, 660 kwa theluthi, 880 kwa robo, na kuendelea hadi juu. Likiwa tupu linakwaruza sikio. Nikaiweka filta inayopunguza desibeli 24, kipimo cha nguvu ya sauti, kwa kila oktava, yaani kila hezi zinapozidi maradufu, nikaanza kuishusha polepole huku nimeshika noti. Kwenye hezi 3,000 bado ni tarumbeta ya plastiki. Kwenye 1,500 imekuwa kinanda cha kawaida. Karibu na 700 kitu kikalegea, na nilijua bila kutazama namba. Nikashusha zaidi hadi 300 kwa uchu, ikawa mtu anayeongea chini ya blanketi. Nikarudi 700.

Nilishangaa kwamba katika programu yote ile yenye mamia ya vitelezi hakuna hata kimoja kilichoandikwa joto, na mimi wiki mbili nilikuwa nakitafuta.

Osileta ya pili niliiruhusu saa sita usiku. Hapo zamani ningeitenga kwa senti 20 hivi, nusutoni moja ikiwa na senti 100, nikaita hilo utajiri. Safari hii niliishusha moja senti nne na kuipandisha nyingine senti nne. Tofauti ya senti nane kwenye noti ya hezi 220 ni takribani hezi moja, maana yake mawimbi yanakutana na kuachana mara moja kila sekunde, kama kifua cha mtu aliyelala. Shida ni kwamba tofauti hiyohiyo ya senti, oktava moja juu, inapiga mara mbili kwa sekunde, na oktava mbili juu mara nne, na hapo utulivu unageuka kutetemeka. Sikutafuta dawa ya kitaalamu. Niliacha kupiga noti za juu.

Osileta ya tatu haikuingia. Niliijaribu chini kwa oktava moja, ikaleta unene wa kupendeza kwa dakika kumi, kisha nikagundua kwamba nilikuwa nimeanza tena.

Saa nane nilikuwa na sauti nzuri iliyokufa. Uhai ulitoka mahali ambapo sikupategemea. Nilikuwa nimeifanya filta ifunguke na kufunga polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde 14 hivi, lakini noti zote nne zilifunguka pamoja, na matokeo yake yalikuwa mlango unaofunguliwa na mtu asiyeamua kama anaingia. Ndipo nikabadilisha mpangilio ili kila noti iwe na mzunguko wake, na kila mzunguko uanzie popote unapoangukia. Noti ya chini ikawa inang’aa wakati ya tatu inazama. Ya nne inakuja juu, ya pili inaondoka. Nilishika noti nne tu, sikusogeza kidole, na nilikaa hivyo, sikumbuki ni dakika ngapi. Mkono ulikuwa umekufa ganzi nilipouachia.

Mengine yalikwenda haraka. Noti ya kati niliyokuwa naipiga chini, karibu na besi, niliipandisha oktava moja, na nusu ya uzito uliokuwa unanisumbua ukaondoka bila kugusa programu. Sauti ichukue sekunde moja na nusu kufikia kilele, na sekunde nne kufifia. Kitelezi cha kuyumba kwa osileta nikakisogeza kidogo, kwa heshima ya Prophet. Mwisho kabisa korasi: sauti asili inabaki ileile pande zote mbili, na kinachotofautiana ni nakala zilizocheleweshwa kwa milisekunde chache tu, kwa hiyo hata ukumbi ukiunganisha kushoto na kulia kitu kikuu hakiendi popote. Nilibonyeza mono, nikabonyeza stirio, nikabonyeza mono. Ilikuwepo.

Kitu kimoja nilikibishania hadi alfajiri. Eneo la hezi 300 lilikuwa limejaa kidogo. Nikilipunguza kwa desibeli tatu, pedi inasafika lakini kwenye hedifoni inasikika imekonda. Nikilirudisha inanenepa tena. Nilipunguza, nikarudisha, nikapunguza. Saa kumi na moja nikarudisha, nikalitoa faili, nikalala na viatu.

Jioni iliyofuata nilikaa kando ya fundi. Taa zikazimwa, ikabaki moja juu ya rafiki yangu. Nikabonyeza. Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba pedi ya sasa inaanza taratibu kuliko ile aliyoizoea, kwa hiyo alipoinua mkono hakukuwa na kitu, na kwa muda mrefu kama pumzi moja tulikuwa tumerudi kwenye ile jioni ya jana. Hakushusha mkono. Akasubiri. Kisha noti ya chini ikaanza kuingia, ya pili ikafuata, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo, jinsi ya mtu anayewekewa shuka begani. Watu waliniambia baadaye kwamba ule mwanzo wa kusubiri kimya ndio walioupenda zaidi. Yeye hakuwasahihisha, nami sikuthubutu.

Katikati ya dakika ya pili nilimwinamia fundi. “Kaka, ipo?”

“Ipo,” akasema, macho bado jukwaani. “Ila hezi mia tatu zilikuwa zimezidi.”

Nilitazama mkono wake. Ulikuwa tayari kwenye mikisa, na nobu ilikuwa imeshashuka.