Majina kwa duara: tulivyodai saa zetu za ziada

Kosa langu la kwanza lilikuwa daftari. Nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, zamu ya usiku, nikaamini kuwaunganisha wafanyakazi kunaanza na orodha. Nikaandika majina 32, kila jina na idara yake. Haikupita wiki, daftari likawa mezani kwa meneja. Watatu wa juu kwenye ukurasa wakafukuzwa asubuhi moja. Mimi nilisalimika kwa kuwa sikuwa nimejiandika, na mpaka leo nikikumbuka hilo moyo unaniuma.

Dai letu halikuwa la siasa. Tulifanya kazi saa za ziada, mshahara ukija hazionekani. Lakini pale chama cha wafanyakazi kinachoruhusiwa ni kimoja tu, na viongozi wake wanateuliwa na serikali, kuulizia jasho lako kunahesabiwa kuwa uchochezi. Nilimfuata mwakilishi wa chama hicho. Aliniuliza jambo moja tu: "Nani mwingine anasema hivyo?" Nilijua kwamba Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unatambua haki ya wafanyakazi kuunda chama bila kuomba kibali. Mbele ya swali lile, haukunisaidia kitu.

Aliyetuonyesha njia ni mzee mmoja wa idara ya kukata vitambaa. Alitusimulia habari za Durban, Afrika Kusini, Januari 1973, enzi za ubaguzi wa rangi. Wafanyakazi wa kiwanda cha matofali waligoma, wakaambiwa wachague wawakilishi wa kuzungumza nao. Wakakataa. Walijua atakayechaguliwa ndiye atakayeondolewa. Mgomo ukasambaa viwanda vingine, wakagoma makumi ya maelfu ya watu.

Basi tukaanza upya, mtu kwa mtu. Sikuzungumza na yeyote ambaye sikuwahi kufanya naye kazi bega kwa bega angalau mwaka mmoja, naye akaenda kwa anayemwamini yeye. Sikumwambia mtu "tugome". Niliuliza, "Mwezi uliopita walikulipa saa ngapi?" kisha nikanyamaza, nikamwacha aseme. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Na aliyekuja mbio akitaka tuchome mashine tulimkwepa. Mashushushu ndivyo wanavyoingia.

Karatasi yenyewe tuliichora kwa mfuniko wa ndoo. Madai yalikaa katikati, na majina yakazunguka ukingoni kama njiti za gurudumu, yote yakielekea ndani. Hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Tulisaini watu 119, na mimi safari hii nikiwemo. Dai la kwanza lilikuwa wenzetu watatu warudishwe, la pili ndilo saa za ziada.

Siku yenyewe hatukutoka nje. Mzee alisisitiza: mwaka 1970 wafanyakazi wa karakana ya meli ya Gdańsk, Poland, waliingia barabarani wakapigwa risasi, lakini Agosti 1980, walipogoma wakidai mwenzao Anna Walentynowicz arudishwe kazini, walibaki ndani ya karakana yao. Nasi baada ya mapumziko tukakaa kila mtu kwenye kiti chake, mikono kifuani. Mashine zilinyamaza safu moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia feni ya dari ikilia. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ile feni ina sauti.

Meneja akaja. "Kiongozi wenu nani?" Kimya. Akauliza tena, akinitazama mimi. Mama mmoja wa safu ya vifungo akasema, bila kuinuka, "Bosi, karatasi iko mezani kwako. Isome."

Tulikaa hivyo hadi zamu ikaisha, na kesho yake tena. Siku ya tatu akakubali. Saa za ziada zikaanza kulipwa mwezi ule, ingawa malimbikizo ya nyuma hatukuyaona. Mimi niliitwa na watu wa usalama mara mbili, swali likiwa lile lile la nani. Nikawajibu kuwa majina yote wanayo, yako kwenye karatasi.

Kati ya wale watatu, wawili walirudi kwenye mashine zao. Wa tatu meneja alikataa katakata, na hatukuwa na nguvu ya kukaa siku nyingine. Tukamchangia kila mshahara hadi alipopata kazi kwingine, pesa zikipita mkono kwa mkono, bila orodha.