Tarehe kwanza, picha baadaye: tunavyochuja habari kwenye kundi la wachuuzi wa dagaa Kibirizi

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa, yaani uvuvi ulisimamishwa, kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Tangazo lilikuwa la kweli, muhuri ulikuwa wa kweli, na nchi zinazopakana na ziwa zilikuwa zimekubaliana. Kwa mnunuzi wa dagaa aliyeko Tabora au Dodoma, habari ya namna hiyo ni fedha. Akiipata leo, ananunua magunia mara mbili ya kawaida kabla bei haijapanda. Tangazo hilo hilo likikatwa sehemu ya juu yenye tarehe, linaweza kuibuka tena mwezi wowote, mwaka wowote, na bei ikaruka kabla jua halijawaka vizuri mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa. Hapo hakuna aliyeghushi kitu. Kilichopotea ni tarehe tu.

Ndiyo maana katika kundi la WhatsApp ninalolisimamia na wenzangu wawili, la wachuuzi na wasafirishaji wa dagaa wa Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, swali la kwanza kwa habari yoyote ni "ya lini?" Kama ni ya kweli au ya uongo, tutajua baadaye. Habari nyingi zilizotupotosha hazikutungwa na mtu. Ni mambo ya kweli yaliyohamishwa siku au mahali.

Nianze na mishale, maana watu wengi wanaiona kila siku bila kujua inasema nini. Ujumbe uliosambazwa kutoka kwa mtu mwingine hubeba alama ya mshale mmoja. Ukiona mishale miwili, ujue umepita mikono mingi: umesambazwa kwa mfululizo wa angalau mara tano tangu ulikoanzia. Ujumbe wa mshale mmoja unaweza kuupeleka sehemu tano kwa mpigo, kikomo kilichowekwa duniani kote Januari 2019, ingawa siku hizi hata huo hauruhusiwi kwenda kwenye makundi mengi kwa wakati mmoja. Wa mishale miwili, tangu Aprili 2020, unapelekwa sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Ukikuta simu inakugomea kutuma kwa watu watatu kwa pamoja, simu haijaharibika. Programu inakwambia ujumbe huo umetembea sana.

Lakini mishale inaonyesha njia, haionyeshi ukweli. Tangazo halali la bandari linaweza kuwa na mishale miwili, na uzushi mbichi ukawa hauna hata mmoja. Tena mishale inafutika kirahisi mno. Mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, akipiga picha ya skrini, au akihifadhi picha na kuituma kutoka kwenye galari yake, hesabu inaanza sifuri na ujumbe unaonekana kana kwamba yeye ndiye chanzo. Kwa hiyo maneno marefu yasiyo na mshale, yanayoishia na "tuma kwa wenzako haraka", ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi. Hapo naandika kwa aliyetuma, faraghani: "Shikamoo mama, naomba kuuliza, hii umeiandika mwenyewe au umetumiwa?" Kumuuliza mtu mzima mbele ya kundi zima ni kumwaibisha, na akishaona aibu atatetea uzushi huo hadi mwisho. Ukimuuliza pembeni, mara nyingi anataja aliyemtumia ndani ya dakika mbili, na hapo unapanda ngazi moja kuelekea kwenye chanzo.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni jina la faili. Picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kwenye simu ya Android huhifadhiwa kwa jina kama IMG-20250310-WA0004. Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipoingia kwenye simu, wala si siku ilipopigwa. Nimeona mabishano makali yakitegemea namba hizo. Ukibonyeza maelezo ya picha pia hutapata siku ya kupigwa wala mahali, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa hizo inapotumwa kama picha ya kawaida. Ukitaka taarifa za asili, mwombe aliyepiga aitume kama dokumenti. Aliyepiga kweli ataweza, aliyeokota hataweza. Ombi hilo peke yake limetumalizia kesi kadhaa.

Kutafuta asili ya picha tunafanya hivi. Hifadhi picha, ikate ubaki na tukio lenyewe bila maandishi yaliyobandikwa juu yake, kisha ifungue kwa Google Lens au ipandishe kwenye TinEye. TinEye ina faida moja kubwa: unaweza kupanga majibu kuanzia ya zamani zaidi, na cha zamani ndicho unachokitafuta. Kwa video, isimamishe penye alama inayosomeka, kama kibao, namba ya gari au mlima, piga picha ya skrini, kisha fuata hatua zile zile. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa picha nzima yenye maneno makubwa mekundu, halafu mashine ikaleta picha nyingine zenye maneno mekundu.

Kwa huku kwetu mashine hizo mara nyingi hazipati kitu, maana picha za mialo yetu hazijajaa mtandaoni. Basi macho yafanye kazi. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2024, yaliingia kwenye makazi ya watu Tanzania, Burundi na Kongo. Chukua video ya nyumba zilizozingirwa na maji, imeandikwa "Kibirizi leo". Usiangalie maji, angalia barabara. Tanzania tunaendesha kushoto, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Pikipiki zikipishana upande wa kulia, na kibao cha duka la dawa kikisomeka "Pharmacie", hiyo ni ng'ambo, labda Uvira au Bujumbura, haiwezi kuwa Kibirizi. Namba za magari yetu ya kiraia huanza na T. Na kama kwenye bango kuna namba ya simu, +257 ni Burundi na +243 ni Kongo. Vitu vitatu hivi, barabara, kibao na namba, vinatosha kumaliza ubishi bila bando kubwa.

Saa nazo ni mtego wa pekee kwetu wa ziwani. Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijipangie saa yenyewe, ikinasa mnara wa ng'ambo katikati ya maji, inarudi nyuma saa moja, na ujumbe wote unaonekana kwa saa hiyo. Mvuvi anasema ujumbe uliingia saa 1, mwenzake aliyeko mjini anasema saa 2, na wote wanaonyesha simu zao. Kuna na wale wanaokaa usiku kucha bila mtandao. Wakitia nanga alfajiri, ujumbe wa jana wote unamiminika kwa pamoja, na tangazo la jioni linasomwa kama la asubuhi hii. Kwa hiyo hatuamini saa inayoonyeshwa na programu. Tunaiandika ndani ya ujumbe wenyewe, na kwa namna mbili: "saa 2 usiku (20:00)". Bila mabano hayo, msomaji mmoja anaelewa saa mbili usiku na mwingine saa nane.

Habari za upepo zinahitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu hapo ni roho za watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa athari kwa siku tano kwa ramani zenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kila siku ina ramani yake, na utabiri hutolewa upya kila siku. Mtu akikata ramani moja na kuituma, unabaki na rangi bila siku. Njano ya kesho inaonekana ya leo, au ya juzi inamzuia mtu kusafiri leo bure, na mara ya tatu haamini tena hata ya kweli. Kwetu, ramani iliyokatwa haipiti. Inatumwa karatasi nzima yenye tarehe ya kutolewa juu, au linki ya kurasa za TMA wenyewe.

Kwa linki, soma kuanzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// kurudi nyuma. Anwani ya serikali huishia na .go.tz kabla ya mkwaju huo. Mfumo wa ajira za utumishi wa umma ni portal.ajira.go.tz, basi. Neno "ajira" likitokea mwanzoni na mwisho wake ukawa kitu kingine, huo ni mlango wa mtu binafsi, hata kama rangi na nembo ni zile zile.

Alama ya bluu isikudanganye. Kwenye X (zamani Twitter) tangu mwishoni mwa 2022, na kwenye mitandao ya Meta kama Facebook na Instagram tangu 2023, alama hiyo inaweza kulipiwa kila mwezi. Kwenye Facebook kuna kitu bora zaidi ambacho wachache wanakifungua: sehemu ya uwazi wa ukurasa, ndani ya maelezo yake. Humo unaona ukurasa ulifunguliwa lini, umebadilishwa jina mara ngapi, na mara nyingi wanaousimamia wako nchi gani. Ukurasa wenye jina la taasisi ya umma uliofunguliwa mwezi uliopita, na zamani ulikuwa wa mashabiki wa mpira, hauhitaji uchunguzi mwingine.

Kuhusu vyombo vya habari, kanuni yetu ni vyanzo viwili visivyonakiliana. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957 na ya DW tangu 1963, na kuna magazeti yetu ya hapa nchini, lakini wingi wa tovuti zinazosema jambo moja si ushahidi. Chukua sentensi moja ya habari, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye tovuti nane, hizo nane ni chanzo kimoja. JamiiCheck na NuktaFakti nao huchapisha uhakiki kwa Kiswahili, ila jambo la mwalo wetu hawawezi kulijua. Hilo linahitaji kupiga simu kwa mtu aliyesimama pale.

Sauti ndiyo inayotushinda zaidi. Hakuna mashine ya kutafuta sauti ya mtu anayesema "mimi niko hapa bandarini". Tunachofanya ni kuisikiliza yote, kuandika sentensi yake ya pekee zaidi, na kuitafuta kwa maandishi, kwa sababu uzushi wa sauti huwa na pacha wake wa maandishi. Sauti isiyotaja jina, siku wala mahali, hatuibishii. Tunasema haina anwani, tunaiondoa.

Marekebisho yana ufundi wake. Mwanzoni tulikuwa tunafuta ujumbe wa uongo papo hapo. Admini anaweza kufuta wa mtu yeyote kundini, lakini nakala zilizokwisha kwenda makundi mengine hazifutiki, na watu wetu walidhani tunaficha kitu. Kuhariri nako hakusaidii: muda ni dakika 15 tu, na aliyekwisha kusambaza amebaki na maneno ya kwanza. Sasa, kama ni tangazo la zamani lililorudishwa, tunalipiga picha ya skrini, tunaandika kwa rangi nyekundu SI LA MWAKA HUU kukatiza katikati, tunaituma, ndipo tunafuta la awali. Maandishi yasikae pembeni, maana yatakatwa. Kisha tunabandika marekebisho juu ya kundi. Pini inaweza kudumu saa 24, siku 7 au siku 30. Sisi tunatumia saa 24, ili kilichobandikwa kiwe cha leo kila wakati.

Kundi likichafuka kabisa, tunaweka mpangilio wa admini pekee kuandika, kwa saa moja au mbili, halafu tunafungua. Kulifunga siku nzima ni kosa. Watu wanahamia kundi jingine lisilo na mchujo wowote. Kwa wanachama, tunawashauri wazime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Bando linapona, na picha haifunguki mpaka mtu aamue kuibonyeza.

Wanachama wapya tunawaambia pia kuhusu sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Tangazo letu wenyewe lina sura moja. Mfano wa bei: "Dagaa wabichi, mwalo wa Kibirizi. Bei: (kiasi). Chanzo: wauzaji watatu wameulizwa. Jumamosi, saa 1 asubuhi (07:00). Mwisho wa kutumika: leo saa 6 mchana (12:00)." Mstari wa mwisho tuliuongeza tulipogundua kwamba bei yetu ya kweli ya asubuhi ilikuwa ikisomwa Tabora siku mbili baadaye kama bei ya siku hiyo. Ujumbe usio na mstari huo haupigwi pini, hata ukiwa wangu.