Kuchapa picha za mwani kwa jua

Picha za mwani ninazotengeneza hapa Jambiani, Zanzibar, hazitumii kamera. Zinataka karatasi, kemikali mbili, kioo na jua, na jua tunalo la kumwaga. Njia yenyewe ni ya zamani. Mwingereza John Herschel aliigundua mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa mwani wa Uingereza. William Harvey alikuwa ameshatoa kitabu cha kuutambua mwani huo mwaka 1841, lakini hakikuwa na picha. Atkins alikusudia kulijaza pengo hilo, na kazi ikamfikisha 1853. Kurasa zake ni buluu iliyokolea na mmea mweupe katikati. Ukiziangalia kwa makini, huo weupe si wa namna moja: pale jani lilipokuwa jembamba mwanga ulipenya, ikabaki buluu hafifu, na mishipa ikajitokeza. Mimi niliitaka ile buluu hafifu.

Kemikali nilizipata kwenye duka la vifaa vya maabara Dar. Gramu 25 za amonia feri sitrati natia kwenye mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine, kila moja na chupa yake ya kahawia. Ile ya kwanza huota ukungu ikikaa. Naichuja kwa kitambaa, basi. Usiku, kwa taa hafifu ya njano, navaa glavu, nachanganya kiasi sawa kwa sawa, napaka karatasi nzito ya rangi za maji kwa brashi pana na kuianika chumbani humo humo gizani. Wakati wa masika sipaki kabisa. Hewa ina maji, karatasi haikauki vizuri, na picha inatoka na madoadoa.

Kazi kubwa ilikuwa kupata mwani wenyewe. Shangazi yangu analima spinosamu, aina ya mwani wa kuuza, kwa hiyo nilidhani nimeshafika. Lakini spinosamu ni nene, ina nyama na miiba, haikubali kulala chini ya kioo, na mwanga haupiti hata kidogo. Kinachotoka ni kivuli tu. Siku moja ya bamvu, maji yamekupwa, nikamfuata shambani. Alikuwa anasafisha kamba zake, anavua nyuzi nyuzi za kijani na za kahawia zinazojishikiza kwenye mwani wake, anazitupa.

"Shangazi, hizo nipe mimi."

"Uchafu huu, mwanangu? Huu ndio unaotuulia mwani. Chukua wote, na kesho uje tena."

Nilirudi na ndoo nzima. Ule uchafu ndio wenye maumbo: nyuzi zinazogawanyika mara mbili, kisha mara mbili tena, nyembamba kuliko unywele. Nikaongeza na ule mwani mpana wa kijani unaoshika kwenye mawe, mlaini kama karatasi ya pipi. Tangu hapo nachagua mmea kwa kuuinua dhidi ya jua. Usipopitisha mwanga, hata uwe mzuri vipi, naurudisha majini.

Kuutandaza kuna ufundi wake. Nausuuza chumvi kwa maji baridi, nauacha uelee kwenye beseni, napitisha karatasi ya kawaida chini yake na kuinua polepole huku nikitenganisha matawi kwa sindano. Ukinyanyuliwa kwa vidole unajikunja kama uzi uliolowa. Ukishakauka chini ya vitabu, unabanduka na unaweza kutumika tena na tena. Nauweka juu ya karatasi iliyopakwa, kioo juu yake, vibanio vya nguo pembeni, kisha nje. Jua la saa sita hapa linamaliza kazi kwa dakika chache. Naangalia rangi, siangalii saa: manjano ya kijani inageuka kijani cheusi, halafu inaingia kijivu kama cha shaba iliyochakaa. Hapo natoa na kuiosha kwa maji ili buluu itokee.

Kuosha nako kulinisumbua kwa muda. Buluu ilikuwa inakuja vizuri, halafu inafifia ndani ya beseni mbele ya macho yangu. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na buluu hii haipatani na chokaa wala sabuni. Sasa maji ya kwanza natia siki kidogo, ya pili ni ya mvua niliyokinga. Picha ikishaanikwa inazidi kukolea hadi kesho yake.

Majina nayaandika kwa wino mweusi kwenye karatasi ya kunakilia ramani na kuyaweka chini ya kioo pamoja na mmea, yanatoka meupe kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Shangazi alichukua picha moja akaitundika ukutani, mkabala na mlango ambapo jua linaingia asubuhi, ikapauka. Nikamwambia aifungie kabatini siku kadhaa, na kweli buluu ikarudi. Lakini hakuridhika. Alitaka picha ya mwani wake, si ya magugu. Nikambania spinosamu kwa kioo kizito nilivyoweza. Ikatoka nyeupe tupu, haina mshipa hata mmoja, na hiyo ndiyo aliyoitia fremu.