Umeme wangu Ziwa Natron

Joto la Natron halina masihara. Ikifika saa nne asubuhi pale upande wa Engare Sero, jiwe ukiligusa linaunguza. Huko ndiko ninakopiga picha za heroe, na umeme wangu wote unatoka kwenye pawa stesheni, yaani betri kubwa ya kubebeka yenye soketi, ya wati-saa 500 na paneli ya kukunja ya wati 100.

Wengi huniuliza kama inatosha. Kwa kamera, kompyuta mpakato na taa ya hema, inatosha kabisa. Ila zile wati 100 zilizoandikwa kwenye boksi usizipigie hesabu zote: paneli ikipata moto nguvu inapungua, kwa hiyo nikiona wati 70 kwenye skrini ya pawa stesheni nashukuru. Asubuhi naielekeza mashariki, nimeiegemeza kwenye mawe ili hewa ipite nyuma. Jua likifika utosini nailaza. Vumbi la magadi nalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na kivuli nakikimbia, maana hata tawi dogo likikatiza juu ya paneli, chaji inashuka vibaya.

Betri yenyewe haionji jua. Inakaa chini ya gari, waya mrefu ndio unaotoka nje. Betri ya litiamu kama hii ikipata joto kupita kiasi, mfumo wake wa ulinzi unakata chaji, na heri ukate kuliko betri kufa. Tena chaja za kamera nazichomeka kwenye USB, kwa sababu inveta, ile sehemu inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi za nyumbani, ikiwashwa inakula umeme hata kama hujachomeka kitu. Wakati wa kulala naizima kabisa.