Beth yupi ndiye halisi?

Foleni ya Jogoo Road jioni hii, acha tu.

Vijana wawili nyuma yangu kwenye matatu wakaanza kubishana kuhusu Beth wa katuni ya Rick and Morty, binti wa mwanasayansi Rick. Wako Beth wawili, mmoja nyumbani na mwingine anga za juu, na mmoja wao huenda ni kloni, yaani nakala iliyotengenezwa na baba yake.
"Aliyebaki nyumbani ndiye kloni, ametulia mno!"
Mwenzake akakataa katakata.

Mimi huyo, nikageuka. Mashabiki walivutana tangu 2017, kisha 2020 tukaonyeshwa kwamba Rick aliwachanganya hao wawili kusudi, ili hata yeye asijue nani ni nani.
Baba mzazi, jamani! Na eti ni vichekesho.

Konda, chenji yangu bado ameikunja katikati ya vidole, akadakia: "Sasa huyo mzee akifa, nani atarithi shamba?"
Tulicheka hadi Makadara.

Mimi nasema kloni ni yule wa anga za juu. Nyinyi je? Jiteteeni hapa chini.